Jokofu la Mama na Kauli ya Kutendeka

Wengi wetu tulifundishwa kauli za vitenzi kwa mfano wa kikombe. Mtoto amevunja kikombe. Kikombe kimevunjwa na mtoto. Kikombe kimevunjika. Mwalimu aliziandika sentensi hizo ubaoni, akatueleza kuwa ya kwanza ni kauli ya kutenda, ya pili ni ya kutendwa, na ya tatu ni ya kutendeka. Tukanakili, tukafanya mtihani, tukaendelea na maisha. Mwaka huu jokofu moja limenirudisha katika somo lile, na nimelisoma upya kwa muda wa wiki tano, simu ikiwa sikioni.

Tofauti ya sentensi ya pili na ya tatu ni ndogo kwa macho, kubwa kwa maana. Katika kauli ya kutendwa, mtenda anaweza asitajwe, lakini nafasi yake ipo. Ukisema kikombe kimevunjwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Ukisema kikombe kimevunjika, mlango huo umefungwa. Hatusemi "kimevunjika na mtoto". Sarufi yenyewe inakataa. Kikombe kipo, vipande vipo, na hakuna mkono uliokigusa. Kauli hii ni nzuri sana mahali pake. Mti umekauka, moyo umevunjika: mambo haya hatuyatafutii mshitakiwa. Lakini kauli nzuri huweza kuajiriwa kazi mbaya, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze.

Mama yangu ana kisukari, na dawa yake ni insulini ya sindano. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Isigande, maana ikiganda imeharibika. Isipate joto, maana ikipata joto hupoteza nguvu pasipo kubadilika sura, na mgonjwa hujidunga akidhani ametibiwa. Tunaishi Dar es Salaam. Mwezi wa Januari na wa Februari jijini humu, joto la mchana hupita nyuzi 30, na chumba chenye bati juu huzidi hapo. Jokofu letu la zamani lilikufa mwanzoni mwa Januari, umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Kwa hiyo nilipokwenda dukani, sikuwa nikinunua fahari ya sebuleni. Nilikuwa nikinunua baridi.

Pale dukani nilimwambia kijana wa mauzo kwamba nahitaji jokofu. Akanitazama kwa heshima, kisha akauliza, "Mama, majokofu si yale ya mochwari?" Nilicheka, na yeye akacheka. Kweli ni kwamba neno hili, ambalo kamusi zetu hulitoa kwa chombo cha kupozea vyakula na vinywaji, watu wengi hukutana nalo kwenye taarifa za habari zinazohusu vyumba vya maiti. Nyumbani na dukani chombo ni friji. Tukaendelea hivyo, mimi nikisema jokofu lake lipi ni imara, yeye akijibu friji hii ndiyo imara, ngeli zikipishana kama watu wawili kwenye ujia mwembamba. Tukakubaliana bei, nikalipa, nikapewa risiti. Chini ya risiti, na tena kwenye kibao kilichoning'inia juu ya kaunta, paliandikwa maneno ambayo kila mkazi wa mji huu anayafahamu: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Kesho litafika," kijana akaniahidi, safari hii akilipa jokofu ngeli yake.

Kesho na kesha hutofautiana kwa irabu moja tu, na mwezi ule nililiona hilo kwa vitendo. Halikuja kesho yake, wala kesho kutwa, wala mtondo. Siku ya nne nilipokea ujumbe wa simu: "Mpendwa mteja, mzigo wako utafikishwa leo saa 4:00." Nikaomba ruhusa kazini. Kuanzia saa tatu asubuhi nilikuwa nimeketi barazani. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, adhuhuri ikaadhiniwa. Nilipopiga simu, binti wa huduma kwa wateja akaniambia kwa upole kwamba saa haijafika. Saa nne ya ujumbe ule ilikuwa saa nne ya kompyuta, yaani saa kumi yetu ya jioni. Mtambo ulikuwa umeandikiwa maneno ya Kiswahili na kuachiwa saa za Kiingereza.

Nawaomba tutue hapa kidogo. Saa zetu si mapambo. Sisi tunahesabu mchana tangu jua linapochomoza, na ndiyo maana saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya nuru. Mtu akiandika "saa 4:00" katika sentensi ya Kiswahili bila kutaja asubuhi wala usiku, kila msomaji wa pwani na wa bara atatega sikio kwa saa nne ya asubuhi, maana mizigo haiji usiku. Kuandika hivyo na kukusudia jua linaposhuka ni kuvunja ahadi kabla ya kuitoa. Na saa kumi ilipofika, jokofu halikufika nayo.

Hapo ndipo safari yangu katika msamiati wa huduma ilipoanza. Niliweka daftari kando ya simu, nikaandika kila nilichoambiwa, kwanza kwa ajili ya ushahidi, baadaye kwa ajili ya mshangao. Ninayo kurasa sita. Niwape maneno machache.

"Gari limepata changamoto." Neno changamoto lilikuwa na uhai wake: jambo la kumchangamsha mtu, la kumtia ari ya kushindana na uwezo wake. Leo limekuwa gunia la kutilia kila kitu. Gari bovu ni changamoto, dereva mlevi ni changamoto, ghala tupu ni changamoto, mtandao ulioanguka ni changamoto. Neno likishabeba kila kitu, halimwambii mtu kitu.

"Suala lako linafanyiwa kazi." "Limeshapelekwa kwenye kitengo husika." "Litashughulikiwa." "Utapigiwa simu." Vitenzi hivi vimevaa kauli ya kutendwa, lakini nafasi ya mtenda imefagiliwa na kumwagiwa maji. Linafanyiwa kazi na nani? Nitapigiwa na nani? Nilipouliza, "Kitengo husika kinahusika na nini, na mkuu wake anaitwaje?" binti alinyamaza, kisha akasema kwamba kitengo hakina namba ya simu. Hata yeye alikuwa akikiandikia kupitia kompyuta, na hajawahi kumwona mtu wake. Nilimwonea huruma. Alikuwa mlinda mlango wa nyumba ambayo hajawahi kuingia.

"Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Sentensi hii ningependa iwekwe makumbusho. Angalieni ile -ji- katikati ya kitenzi. Kirejeshi hicho humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja: anayejiosha ndiye aoshaye na ndiye aoshwaye. Basi usumbufu ulijitokeza. Haukusababishwa. Uliamka asubuhi, ukavaa, ukajitoa mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Na kampuni, kwa ukarimu, inaniombea radhi kwa niaba ya mgeni huyo isiyemjua.

Kisha "pole". Pole ni johari ya lugha yetu, na sijaona lugha nyingine ninayoifahamu yenye neno linalolingana nalo. Humwambia aliyefiwa, humwambia aliyejikwaa, humwambia mwenye mzigo kichwani hata kama hukumtwika wewe. Uzuri wake ni kwamba halihitaji hatia: mpita njia ana haki ya kusema pole sawa na ndugu. Lakini uzuri huohuo ndio unaolifanya lisifae kinywani mwa aliyetenda. Mtu akikukanyaga mguu hasemi pole. Anasema samahani au nisamehe. Kwa wiki tano niliambiwa pole mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na samahani sikuisikia hata mara moja. Tena pole ina jibu lake la adabu, "nimeshapoa," na hilo nilishindwa kulitamka. Katika nyumba yangu hakuna kilichokuwa kimepoa.

Siku ya tisa jokofu lilikuja. Dereva alipiga simu akiuliza nyumba iko wapi, ingawa mtaa wetu una jina na nyumba yetu ina namba tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na vyote viwili viliandikwa kwenye fomu ya duka. Nikamwelekeza kwa njia ya asili: shuka bondeni, pita msikiti, ukiona mwembe na duka la Mangi, kata kushoto, uliza mwalimu. Alifika kwa kumuuliza Mangi. Jokofu lilikuwa limelazwa ubavu katika gari la wazi, mshale wa kwenye boksi, unaoelekeza juu, ukielekeza kwa jirani. Vijana wawili walilishusha, mmoja akaomba maji ya kunywa, nikatia saini. Fundi alikuwa amenishauri kwamba jokofu lililotoka safarini liachwe wima kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Tukaliacha hadi asubuhi. Tulipoliwasha lilinguruma kama kawaida, taa ikawaka, na ndani mkabaki na joto la sandukuni. Fundi alipolitazama mgongoni, alinyanyua kichwa, akasema: "Bomba la gesi limepasuka. Hili limeangushwa."

Angalieni, ndugu zangu, kauli mbili katika pumzi moja. Bomba limepasuka: hilo ni jambo la chuma, na fundi hakuhitaji kumtafuta mtenda. Jokofu limeangushwa: hapo alibadilisha kauli, akafungua nafasi ya mkono wa mtu. Fundi huyo hajasoma isimu. Lakini alijua ni wapi pa kutumia kutendeka na ni wapi pa kutumia kutendwa, na hakulichanganya moja na jingine hata kwa bahati mbaya. Nilimuuliza kama kuna tumaini. Akasema, "Linatengenezeka." Silabi ileile, safari hii ikileta habari njema, kwa kuwa -ka pia husema lile linalowezekana.

Nilipopiga simu dukani jibu lilikuwa moja, nalo liliendelea kuwa moja kwa wiki nyingine tatu na ushei: "Friji imeharibika wakati wa usafirishaji, na dhamana haihusu usafirishaji." Nikauliza ni nani aliyesafirisha. Usafirishaji ulifanywa na kampuni ya usafirishaji. Kampuni ya usafirishaji ikasema mzigo ulipokelewa ukiwa hivyo. Ulipokelewa kutoka wapi? Kutoka ghalani. Ghala likasema mzigo ulitoka ukiwa mzima. Hivyo jokofu lilivunjika mahali fulani kati ya mzima na hivyo, katika nchi isiyo na wakazi.

Wakati huo wote mama alikuwa hai, na insulini haikungoja kitengo husika. Muuguzi wa kliniki alitufundisha njia ya wasio na jokofu: vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, mahali penye kivuli na upepo. Maji yanapovukizwa huondoka na joto, kama yalivyofanya katika mitungi na magudulia ya bibi zetu kabla waya wa kwanza haujafika mitaani. Chupa iliyokwisha kufunguliwa tuliihifadhi humo. Zile ambazo hazijafunguliwa zilihitaji baridi ya kweli, na hapo ndipo alipoingia mama jirani.

Alikuja mwenyewe, hakuitwa. Alisimama mlangoni na kusema: "Dawa za Bi Mkubwa nitaziweka mimi. Gongeni saa yoyote, nitafungua."

Sentensi mbili. Zina nafsi ya kwanza umoja, zina kauli ya kutenda, zina wakati. Nimezipima sentensi hizo kama mshairi apimavyo mizani, na sioni la kuongeza wala la kupunguza. Nitaziweka mimi: ile "mimi" ya mwisho kisarufi haikuwa lazima, kwa kuwa ni- imeshamtaja, lakini aliiweka kama mtu awekaye kidole gumba kwenye hati. Umeme ulipokatika usiku mmoja, yeye ndiye aliyetugongea sisi, kutueleza kwamba amezihamishia dawa kwa dada yake mtaa wa pili ambako kuna umeme. Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini deni haliwi deni mpaka pawe na mdeni. Mama jirani alijitaja, ndiyo maana tulilala. Kampuni ilitoa ahadi nyingi kuliko yeye, na zote zilikosa mdeni.

Nimejiuliza pia sisi tunaonunua tunaitwaje. Kwenye matangazo sisi ni wafalme. Mteja ni mfalme, husema vibao. Kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kuisimamia, lugha ya kiserikali hutuita walaji, hata kama tulichonunua ni pasi. Na kwenye simu sisi ni wateja, neno ambalo waganga nao wanalo kwa wale wanaokaa kwenye mkeka wakingoja kuambiwa kinachowasumbua. Ndugu zetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi. Mtambo wa simu kule huwatangazia kuwa mteja wa nambari waliyopiga hapatikani, nao wakalifupisha: mtu asiyepatikana kwenye simu "ni mteja". Kicheko cha mtaani wakati mwingine hugonga ukweli kuliko kamusi. Mimi nilikuwa mteja kwa maana ya dukani. Dereva, ghala na kitengo husika walikuwa wateja kwa maana ya Nairobi.

Wiki ya nne nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ilikuwa ya kijana.

"Shikamoo, mama. Mimi ni yule niliyeomba maji."

"Marahaba, mwanangu."

Akanyamaza. Kisha akasema kwamba amesikia ofisini wakilizungumza jokofu la mwalimu, na kwamba mama yake mzazi naye ana sukari. "Mama, niliangusha mimi. Tulikuwa wawili tu, na lile ni la watu wanne. Liliniponyoka pale ghalani. Nilimwambia msimamizi, akasema tupakie hivyohivyo. Nakuomba usinitaje. Watanikata, na mshahara wenyewe ni wa kutwa."

Kwa mwezi mzima nilikuwa nikisaka nafsi ya kwanza umoja. Nilipoipata haikuwa ya mkuu wa kitengo, wala ya msimamizi, wala ya mwenye duka. Ilikuwa ya mtu wa mwisho kabisa katika mnyororo, aliye na cha kupoteza kuliko wote, na hakuna aliyemlazimisha. Na hapo nikaiona -ka kwa upande wake wa pili. Kwa mwenye duka, "limevunjika" ni pazia la kujifichia. Kwa mchukuzi wa kutwa, "limevunjika" ni mwavuli. Asipojificha chini ya silabi hiyo, mvua yote itamnyeshea yeye, na waliomtuma kubeba mzigo wa watu wanne wakiwa wawili watabaki wakavu. Basi si kweli kwamba kila anayeficha mtenda ni mwongo. Wako wanaoficha kwa hofu, na hofu hiyo ina sababu.

Usiku ule niliketi kuandika barua ya malalamiko, nami nilijiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, kila kitenzi kiwe na mtenda. Ya pili, mtenda awe yule mwenye mamlaka juu ya tendo, si yule aliyetokea kuwa karibu nalo. Sikuandika "jokofu limevunjika". Sikuandika pia "mchukuzi wenu aliliangusha". Niliandika: "Mliniuzia jokofu zima. Mliahidi kulileta siku ya pili, mkalileta siku ya tisa. Mlituma watu wachache kuliko mzigo. Mlilisafirisha likiwa limelazwa, kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji yaliyo kwenye boksi. Mlinikabidhi jokofu bovu. Nataka mnijibu: ni nani atakayelibadilisha, na ataleta lini, asubuhi au jioni?" Nikataja sheria, nikataja Tume, nikapeleka nakala kwa mkono na kumtaka aliyeipokea aandike jina lake. Alisita kidogo, kisha akaandika.

Sitasema kwamba sarufi ndiyo iliyoleta jokofu. Huenda ni jina la Tume. Lakini siku sita baadaye alinipigia mtu aliyeanza kwa kujitaja, akataja na cheo chake, akasema, "Tulikosea. Nitakuletea jingine Jumamosi, saa tatu asubuhi, na nitakuja nalo mwenyewe." Alikuja saa tatu na nusu, jokofu likiwa wima, wachukuzi wakiwa wanne. Yule kijana hakuwamo. Niliuliza habari zake kwa mzunguko, bila kusema kwa nini, nikaambiwa yupo ghala jingine. Naomba liwe kweli. Namba yake sikuipiga, nisije nikawa mimi ndiye niliyemtaja.

Wakati wa kungoja niliandika pia beti hizi. Sikuzipeleka dukani, nilimsomea mama, naye akaniambia niongeze ubeti wa mchukuzi, ambao ndio wa tatu.

Mwasema limevunjika, mvunjaji hammwoni,
Mzigo haujafika, umekwama njia gani?
Ahadi mnayoweka, mdeni wake ni nani?
Kitenzi kina mtenda, ni nani aliyetenda?

Mwaniusia subira, nami sikosi huruma,
Siandiki kwa hasira, wala sipendi lawama,
Dawa nayo yadorora, na mwenye dawa ni mama,
Kitenzi kina mtenda, ni nani aliyetenda?

Simtwiki mchukuzi, mzigo usio wake,
Ana jina, ana kazi, ana watoto na mke,
Mwenye duka awe wazi, aseme kwa jina lake,
Kitenzi kina mtenda, ni nani aliyetenda?

Sisi tunaoshughulika na vina na mizani mara nyingine hudhaniwa kuwa tunacheza na vitu vidogo wakati dunia ina mambo makubwa. Lakini silabi moja yaweza kumwondolea mtu mzigo wake na kumtwika mwingine, na watu wanaotambua silabi hiyo inapopita ni wachache. Jumbe za mashirika huandikwa na mtu fulani mahali fulani, kwa Kiswahili chetu, na mara nyingi hazisomwi na mjuzi yeyote wa lugha kabla ya kutumwa kwa maelfu. Ningependa kuona washairi na walimu wakiombwa kuzipitia. Kuziremba si shida yetu. Shida ni kuuliza, mbele ya kila kitenzi, yuko wapi aliyetenda, na mbele ya kila saa, ni ya asubuhi au ya jioni.

Mpaka siku hiyo ifike, kila mmoja wetu anaweza kuanza na sentensi zake mwenyewe. Tuache kutendeka kwa mvua, kwa jua na kwa mioyo. Palipo na mkono, tuutaje. Na palipo na mikono mingi, tuanze na ule ulio juu.